Anayelia Siye Mgonjwa: Namna ya Kusoma Alamu za Muunganisho wa Etheneti

Mafundi wenzangu, wasimamizi wa mitandao, na hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie alamu za muunganisho, zile zinazotokea pale kifaa cha Etheneti kinapogundua kwamba mwenzake wa mbali hasikiki, au anasikika vibaya. Nitaanza na jambo ambalo mengine yote yameegemea juu yake. Kifaa kinachopiga kelele ni kile kilichokosa kusikia. Hakisemi "mimi ni mbovu." Kinasema "simsikii fulani." Basi hitilafu iko mahali fulani kwenye njia ya kuja kwake, kuanzia mdomo wa mwenzake hadi sikio lake. Fundi anayekimbilia kuchomoa moduli kwenye kifaa kilicholia, mara nyingi anampa dawa aliyekuja kumwita daktari, na mgonjwa amebaki nyumbani.

Tukumbushane kwanza jinsi mtambo huu unavyofanya kazi, maana alamu haisomeki kwa asiyejua imezaliwaje. Usimamizi wa hitilafu za muunganisho, kwa kifupi CFM, uliwekwa na IEEE, taasisi ya viwango, katika kiwango cha 802.1ag cha mwaka 2007, na baadaye ukaingizwa ndani ya 802.1Q. Upande wa ITU-T, shirika la viwango vya mawasiliano, kuna Y.1731, inayotumia fremu (vifurushi vya data vya Etheneti) za aina ileile na kuongeza vipimo vyake. Kila mwisho wa huduma unawekewa ncha ya matengenezo, ambayo sote tunaiita MEP, yenye namba kati ya 1 na 8191. Ncha hiyo hutuma ujumbe mfupi kwa vipindi vilivyopangwa, unaoitwa CCM. Ni kama walinzi wawili wanaoitana gizani: "Niko hapa, niko hapa." Vipindi vinavyoruhusiwa ni saba: milisekunde 3.33, milisekunde 10, milisekunde 100, sekunde 1, sekunde 10, dakika 1 na dakika 10. Ncha ikikaa mara tatu na nusu ya kipindi bila kumsikia mwenzake, inamhesabu amepotea. Kwa kipindi cha sekunde 1, hiyo ni sekunde 3.5. Kwa milisekunde 3.33, ni takriban milisekunde 11.7.

Lakini kasoro kugunduliwa si sawa na alamu kupazwa, na hapa wengi wanajikwaa. Baada ya kasoro kuonekana, ncha husubiri tena. Muda wa kawaida ni sekunde 2.5, na kasoro lazima idumu muda huo wote ndipo alamu itoke. Kwa hiyo kwenye kipindi cha sekunde 1, alamu mnayoiona kwenye skrini ilianza yapata sekunde 6 nyuma: 3.5 za kugundua na 2.5 za kusubiri. Kwenye kipindi cha sekunde 10 ni zaidi ya sekunde 37. Ukitaka kulinganisha alamu na kumbukumbu za matukio ya swichi nyingine njiani, rudisha saa nyuma kwa kiasi hicho, la sivyo utamtuhumu asiyehusika. Na kama saa za vifaa vyenu hazijaunganishwa na seva moja ya muda, fanyeni hilo kabla ya jambo lingine lolote nitakalolisema leo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unauma zaidi. Kiungo kinachokatika sekunde 2 na kurudi, kikikatika tena sekunde 2 na kurudi, kinaweza kufanya hivyo siku nzima pasipo alamu hata moja, kwa sababu kwa kipindi cha sekunde 1 hazijafika hata sekunde 3.5 za kugundua, na kwa vipindi vifupi kasoro haifikishi sekunde 2.5. Wateja wanalalamika simu zinakatika, skrini yenu ni ya kijani. Hapo msiangalie alamu, angalieni kaunta ya CCM zilizofika nje ya mpangilio wa namba. Kila CCM ina nafasi ya namba ya mfululizo. Vifaa vingine huijaza sifuri tu, na hapo kaunta hiyo haiwasaidii. Lakini vinavyoijaza sawasawa vitawaonyesha mapengo.

Sasa tuje kwenye majina. Kasoro ziko tano, na zimepangwa kwa uzito. Nyepesi kuliko zote ni DefRDICCM, ambayo maana yake ni kwamba mwenzako anasikika na anakwambia kuna mtu yeye hamsikii. Juu yake ni DefMACstatus: mwenzako anasikika lakini anaripoti kuwa poti yake imezuiwa au kiolesura chake hakiko juu. Inafuata DefRemoteCCM, mwenzako hasikiki kabisa. Kisha DefErrorCCM, anasikika lakini anayoyasema hayalingani na usanidi wako. Nzito kuliko zote ni DefXconCCM: unamsikia mtu ambaye hukupaswa kumsikia kabisa, yaani huduma mbili zimevuka njia.

Ncha huonyesha kasoro moja tu kama alamu, ile yenye uzito mkubwa. Zilizo chini yake zinaweza kuwepo zote nne, zimefunikwa. Ndiyo sababu mtu anatengeneza hitilafu, alamu inabadilika jina badala ya kuondoka, naye anadhani ameharibu kitu kingine. Hajaharibu. Ameondoa kifuniko, akaona kilichokuwa chini.

Kuna jambo kuhusu DefRDICCM ninalotaka tukae nalo kidogo. Kwa usanidi wa kawaida wa kiwango hiki, alamu hupazwa kuanzia DefMACstatus kwenda juu. DefRDICCM haipazwi. Sasa chukulieni ncha mbili, A na B, zimeunganishwa kupitia mtandao wa kampuni nyingine. Uzi mmoja wa faiba, ule unaobeba mawasiliano kutoka A kwenda B, umekatika katikati ya mtandao huo. Uzi wa kurudi ni mzima. Taa za poti pande zote mbili zinawaka, kwa sababu kila poti inazungumza na kifaa cha jirani tu. B haisikii tena CCM za A, kwa hiyo B inapaza DefRemoteCCM. Papo hapo B inaanza kuweka kwenye CCM zake alama ya RDI, yaani "kuna nisiyemsikia", na hizo zinafika A salama. A inajua fika kwamba B hasikii. Lakini A haipazi kitu, maana RDI iko chini ya kizingiti chake.

Mnaona kitakachotokea. Fundi wa B anampigia mwenzake wa A: "Kiungo chako kimekufa." Wa A anatazama skrini, hakuna alamu: "Kwangu kuko sawa, angalia kwako." Mabishano yanaanza, na wote wawili wanasema kweli kuhusu skrini zao. Dawa ni fupi: kabla ya kubishana, mtu wa A aangalie hali ya ncha yenyewe, si orodha ya alamu. Akikuta RDI imepokelewa kutoka B, tayari mnajua mwelekeo uliovunjika ni A kwenda B, na B kwenda A ni mzima. Mmepunguza kazi nusu bila kugusa kebo. Pande zote mbili zikiwa na DefRemoteCCM kwa wakati mmoja, basi ama njia zote mbili zimekatika, ama kitu kimoja kinachobeba zote mbili kimezimika, kama umeme, kadi, au VLAN (mtandao wa kimantiki ndani ya swichi) iliyofutwa.

Hii ndiyo sababu nasema daima: alamu isisomwe upande mmoja. Chukueni karatasi, chora A na B, andika kila upande unaona nini. Dakika mbili za karatasi zinashinda saa mbili za kupanda minara.

DefMACstatus nitaipitia haraka. Ina sharti ambalo watu hulisahau: inatokea kama kiolesura cha yeyote kati ya wenzako hakiko juu, lakini kwa upande wa hali ya poti, ni lazima wote waripoti kuwa poti zao hazipitishi. Katika pete au mti wenye njia ya akiba, poti moja kuzuiwa ni jambo la kawaida na halipazi alamu hii. Mkiiona kwa sababu ya kuzuiwa, tazameni itifaki ya kuzuia mizunguko (STP). Huenda mzizi wa mti, yaani swichi kuu ya itifaki hiyo, umehamia swichi ambayo hamkuikusudia.

DefErrorCCM na DefXconCCM ni za mkono wa binadamu. Karibu kila mara mtu alisanidi kitu. Sababu za DefErrorCCM ni tatu: namba ya ncha iliyosikika haimo kwenye orodha yako ya wenzako, namba iliyosikika ni sawa na yako mwenyewe, yaani namba imetolewa mara mbili, au kipindi cha CCM hakilingani, huku sekunde 1, kule sekunde 10. Tawi jipya likiongezwa na watu wakasahau kuliandika kwenye orodha za matawi mengine, matawi yote ya zamani yatapaza DefErrorCCM kwa pamoja. Kinyume chake, tawi likifungwa na namba yake ikabaki kwenye orodha, kila mtu atabaki na DefRemoteCCM isiyoisha. Ni hii ya pili inayowafanya watu wazoee alamu nyekundu kwenye skrini, na siku alamu ya kweli inapokuja hakuna anayeitazama.

DefXconCCM hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni jina la ushirika, yaani kundi la ncha za huduma moja, kutolingana. Kila CCM hubeba utambulisho wa oktesi 48 (oktesi ni biti nane), wenye jina la himaya, yaani eneo la usimamizi, na jina la ushirika ndani yake, na unalinganishwa oktesi kwa oktesi. Herufi kubwa na ndogo si sawa. Nafasi tupu mwishoni mwa jina inahesabiwa. Hata kama majina yanafanana kwa macho, aina ya jina iliyoandikwa mbele yake inaweza kutofautiana. Kifaa kimoja kimeandika ushirika kama maandishi ya kawaida, kingine kwa muundo wa ITU-T unaoanza na msimbo wa mtoa huduma. Vifaa vya watengenezaji wawili vikikataana bila sababu inayoonekana, hapo ndipo pa kwanza pa kutazama. Kwa maoni yangu nusu ya mabishano kuhusu "vifaa visivyoelewana" ni suala la aina ya jina tu.

Njia ya pili ni ngazi. Ngazi ziko nane, 0 hadi 7. Kwa desturi, 5 hadi 7 ni za mteja, 3 na 4 za mtoa huduma, na 0 hadi 2 za mwendeshaji wa mtandao. Ncha hupitisha CCM za ngazi ya juu kuliko yake bila kuzigusa, kama bawabu anayeruhusu gari la mkuu. Lakini ikipokea CCM ya ngazi ya chini kuliko yake, inapaza DefXconCCM, kwa sababu ngazi ya chini haikupaswa kuvuka mpaka huo. Sasa mfikirie kosa dogo: A imesanidiwa ngazi ya 4, B ngazi ya 5. Usanidi mwingine wote ni sawa. A ataona nini? CCM za B ni za ngazi ya 5, zinapita juu ya kichwa chake, kwa hiyo A inapaza DefRemoteCCM, "B hasikiki." B ataona nini? CCM za A ni za ngazi ya 4, chini ya yake, kwa hiyo B inapaza DefXconCCM, "huduma zimevuka." Kosa moja la tarakimu, alamu mbili za majina tofauti pande mbili, na kebo nzima kabisa. Mkiona jozi hiyo, DefRemoteCCM huku na DefXconCCM kule, msiite gari. Angalieni ngazi.

Usanidi ukitazamwa na jibu lisipatikane, nasa fremu yenyewe. Watu wanaogopa jambo hili bila sababu. Fremu za aina hii zina namba ya aina 8902 kwa heksadesimali, na CCM huenda kwenye anwani ya kundi 01-80-C2-00-00-3x, ambapo tarakimu ya mwisho ni ngazi yenyewe. Ukiona 34 mwishoni, ni ngazi ya 4. Ukiona 35, ni ya 5. Baada ya namba ya aina, soma oktesi nne. Tuseme mmeona 80 01 84 46. Ile 80: biti zake tatu za juu ni 100, yaani ngazi ya 4. 01 ni CCM. Kwenye 84, biti ya juu kabisa imewashwa, hiyo ni RDI, na biti tatu za mwisho ni 4, yaani kipindi cha sekunde 1. Bila RDI ingekuwa 04. Ile 46 ni 70 kwa desimali, na ndiyo thamani ya kawaida ya CCM. Zinafuata oktesi nne za namba ya mfululizo, mbili za namba ya ncha, kisha utambulisho wa oktesi 48. Kwa jicho lililozoea, ngazi, kipindi, RDI na namba ya ncha vyote vinasomeka kwa nusu dakika, wala huhitaji kumwamini mtu aliyekwambia kwenye simu kuwa "nimesanidi sawasawa." Tahadhari moja tu: vifaa vingine hutengeneza CCM ndani ya chipu ya poti, na unaponakili poti ili kunasa, CCM zinazotoka huenda zisionekane kwenye nakala. Naseni upande wa anayepokea.

Tukiwa tumejua mwelekeo na tumeondoa usanidi, tunatafuta mahali. Zana ni mbili. Mwangwi, yaani LBM, ni fremu unayomtumia mtu mmoja naye anarudisha. Ufuatiliaji wa njia, LTM, unaomba kila kituo cha kati kinachoipitisha kijitambulishe. Ili kuonyesha mahali, zote zinahitaji vituo vya kati, MIP, viwe vimewashwa kwenye swichi za njiani. Mtandao usio na MIP ni barabara isiyo na nguzo za kilomita. Utajua gari halikufika, hutajua limeharibikia wapi.

Anzeni na mwangwi kwenye kituo cha katikati ya njia. Ukijibiwa, nusu ya kwanza ni nzima pande zote mbili. Songa mbele nusu ya iliyobaki. Kwenye njia ya swichi 16, majaribio manne yanatosha. Mwangwi ukikosa jibu haukwambii kama umepotea ukienda au ukirudi, ndiyo maana tulitafuta mwelekeo mapema kwa RDI. LTM ina udhaifu wake: kila swichi huipeleka kwa kuangalia jedwali lake la anwani. Anwani zisizosikika hufutwa, kwa kawaida baada ya sekunde 300. CCM zikikatika dakika tano, jedwali limemsahau yule unayemtafuta, na LTM inaweza kufa njiani hata pale ambapo hakuna hitilafu. Basi ama muiwahi ndani ya dakika hizo tano, ama, na hili ndilo jema zaidi, mfanye LTM siku huduma inapokabidhiwa, njia ikiwa nzima, na kuhifadhi matokeo. Siku ya shida mnalinganisha.

Mahali pameshapatikana, ni kati ya swichi mbili. Sasa ndiyo tunagusa vyuma, na hata hapo kuna mpangilio.

Kwanza someni nguvu ya mwanga kwenye moduli zenyewe kabla ya kuchomoa kitu. Ukichomoa kwanza, umefuta ushahidi. Chukueni kiungo cha 10GBASE-LR, aina ya Etheneti ya faiba (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga, dB ni cha hasara). Kipokezi chake kinafanya kazi kati ya −14.4 na +0.5 dBm. Mwenzake anatuma −3. Faiba ni kilomita 10, kwa mwanga wa nanomita 1310 tuweke hasara ya 0.4 dB kwa kilomita, ni 4 dB. Konekta mbili za 0.5, ni 1 dB. Mnatarajia −8. Skrini inaonyesha −13. Kiungo kiko juu, kwa sababu −13 bado iko ndani ya mipaka. Lakini 5 dB zimepotea mahali fulani, yaani zaidi ya theluthi mbili ya mwanga haifiki, na jua likichoma kebo ya juu au mtu akiisogeza kidogo, kiungo kitaanguka. Hesabu hiyo ya kutarajia ifanyeni daima, maana kusema "iko ndani ya kiwango" si jibu.

Mwanga ukipotea hivyo, mshukiwa wa kwanza ni uchafu kwenye konekta. Itazameni kwa darubini ya konekta, isafisheni kwa kalamu ya kusafishia, itazameni tena. Msichungulie faiba kwa jicho. Mwanga huo hauonekani, lakini unaunguza. Mshukiwa wa pili ni konekta ya kijani kuchomekwa kwenye ya bluu. Ya kijani imekatwa kwa pembe ya nyuzi 8, ya bluu haina pembe hiyo, kwa hiyo nyuso hazigusani na mwanga unapotea na kurudi nyuma. Mshukiwa wa tatu ni kupindwa. Pimeni kwa nanomita 1310 na kwa 1550. Hasara ikiwa kubwa zaidi sana kwa 1550, faiba imepindwa mahali, mara nyingi ndani ya kabati ambamo mtu alibana mlango. Hasara ya ziada ikiwa sawa kwa mawimbi yote mawili, rudini kwenye konekta na viungio.

Mwanga kuzidi nao ni ugonjwa. Moduli ya 10GBASE-ER hutuma hadi +4 dBm lakini haitakiwi kupokea zaidi ya −1. Ukiichomeka kwa kamba ya mita tano maabara bila kipunguza nguvu, utaona makosa ya fremu na unaweza kuiua. Na zile moduli za uzi mmoja, zinazotuma rangi moja na kupokea nyingine, lazima ziwe jozi kinyume: huku 1310 kwenda na 1490 kurudi, kule kinyume chake. Zikiwa za aina moja pande zote, kila mmoja anaongea, hakuna anayesikia.

Kwa kebo za shaba nitasema moja tu, maana nyingine mnazijua. Upande mmoja ukiwekwa kwa mkono megabiti 100 dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) na mwingine ukaachwa ujitafutie, ule unaojitafutia utaangukia nusu dupleksi (kwa zamu). Kiungo kinawaka, CCM zinapita mtandao ukiwa mtulivu, mzigo ukipanda zinaanza kupotea. Dalili zake ni migongano ya kuchelewa upande wa nusu dupleksi, na makosa ya fremu upande wa pili. Wekeni pande zote zijitafutie, au zote kwa mkono. Nusu nusu haikubaliki.

Kuna hitilafu ambayo si ya waya wala si ya usanidi wa CFM, nayo ni mzigo. Alamu zinazokuja na kuondoka saa zilezile kila siku, saa za kazi, zinashukiwa kuwa za foleni. CCM hutumwa kwa kipaumbele cha juu, lakini swichi njiani ikifuta alama ya kipaumbele mpakani na kuiweka upya kama ya kawaida, CCM zinaingia foleni moja na data zote na kutupwa pamoja nazo. Fuateni alama ya kipaumbele hatua kwa hatua. Mzigo wa aina nyingine uko ndani ya kifaa. CCM za milisekunde 3.33 ni 300 kwa sekunde kwa kila mwenzako. Kifaa kinachozishughulikia kwa prosesa badala ya chipu kitazidiwa ncha zikiongezeka, na alamu zitatoka kwenye huduma nyingi kwa pamoja, wakati njia zote ni nzima. Huduma isiyo na njia ya akiba ya kuhamia haina haja ya milisekunde 3.33. Sekunde 1 inatosha. Vipindi vifupi viachieni huduma zenye ulinzi wa haraka.

Na kinyume cha yote haya: hakuna alamu, lakini huduma ni mbovu. CCM ni fremu ndogo. Kiungo kinachochafua biti moja hapa na pale kitaharibu fremu ndefu nyingi kabla ya kugusa fupi, na swichi yenye kikomo kidogo cha ukubwa itapitisha CCM na kutupa fremu za oktesi 1500. Tumeni mwangwi wenye data ndani yake, mwanzo oktesi 64, kisha 512, kisha karibu na kikomo cha huduma, mara 100 kila ukubwa. Mahali jibu linapoanza kukosekana ndipo penye jibu lenu.

Mmetengeneza. Msiondoke bado. Alamu inahesabiwa imeisha pale kasoro inapokosekana kwa sekunde 10 mfululizo, kwa usanidi wa kawaida. Na kiwango cha IEEE kina ujumbe wa kupaza alamu tu, hakina ujumbe wa kuifuta. Baadhi ya watengenezaji wameongeza wa kwao. Kama mfumo wenu wa usimamizi unasubiri ujumbe huo kutoka kwa kifaa kisichoutuma, alamu itabaki nyekundu milele na mtu atarudishwa barabarani usiku kwa hitilafu iliyokwisha. Ulizeni ncha yenyewe hali yake, pande zote mbili: mwenzake anasikika, RDI haipo, namba ya kasoro ya juu kabisa ni sifuri. Futeni kaunta za makosa ya fremu na za mfululizo, subirini robo saa yenye mzigo, zisomeni tena. Kisha andikeni nguvu ya mwanga mliyoikuta na mliyoiacha, kwa tarakimu, si "iko sawa."

Asanteni kwa kunisikiliza. Walio na fremu walizonasa kwenye mitandao yao waje nazo hapa mbele, tuzisome pamoja oktesi kwa oktesi.